Barua ya wazi kuhusu Sekenke: nyaraka za mgodi wa zamani ziwafikie wanaochimba leo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini; Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, mwenye dhamana ya mambo ya kale; Tume ya Madini; Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma; Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa; na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Iramba.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaandika kuhusu Sekenke, wilayani Iramba, mkoani Singida. Madereva wa barabara ya Singida kwenda Nzega wanaijua Sekenke kwa mteremko wake, pale nyanda za juu za Iramba zinaposhuka kuelekea bonde la Wembere. Wachimbaji wadogo wanaijua kwa dhahabu. Sisi tunaoandika ni wapima migodi, wachenjuaji (wanaotenganisha dhahabu na mwamba) na watunza nyaraka, na tuna ombi moja: historia ya mgodi huu ikusanywe, ipimwe upya na ifikishwe kwa watu wanaochimba pale leo. Wanaingia kwenye mwamba ambao ulikwishatobolewa na wengine zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mara nyingi hawajui matundu hayo yamepita wapi.

Uchimbaji wa Wajerumani Sekenke ulianza mwaka 1909, na ndio mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi yetu. Wakati huo reli ya kati ilikuwa bado haijafika hata Dodoma. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli zilizuiwa baharini, fedha ikaadimika kwenye koloni, na mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikapelekwa kwenye karakana ya reli Tabora kutengenezwa sarafu ya rupia 15, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Sarafu moja ilikuwa na uzito wa gramu 7.168, na dhahabu ndani yake ilikuwa robo tatu. Ziligongwa 16,198. Ukipiga hesabu unapata takribani kilo 87 za dhahabu halisi, iliyotoka kwenye mwamba wa Iramba kwa mikono ya watu ambao majina yao hayamo kwenye sarafu hizo. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani kote wanaijua Tabora kwa ajili ya tembo yule. Sekenke wanaitaja wachache.

Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916, na baada ya vita nchi ikawa chini ya Waingereza. Bei ya dhahabu ilipopandishwa na Marekani mwaka 1934, kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi, migodi mingi ya Tanganyika iliyokuwa imesinzia ilipata uhai. Upande wa Iramba, pamoja na Sekenke, kulikuwa na Kirondatal, ambako sasa ni Wilaya ya Mkalama. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 tawi la reli lilijengwa kutoka Manyoni kwenda kaskazini kupitia Singida. Wafanyakazi walihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi: siku ambayo hukufika haikutiwa alama, na mshahara ulisubiri kadi ijae. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 uchimbaji mkubwa wa eneo hili ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni mashimo, kifusi, marudio (mchanga uliobaki baada ya dhahabu kuchenjuliwa) na jamii iliyokuwa imezoea kuishi kwa mgodi.

Historia hii ina jambo moja ambalo mtu wa kawaida hulipita lakini mpima mgodi hulishika haraka. Mgodi ulibadilisha wenyewe, na kila mwenyewe mpya alikuja na vipimo vyake. Wajerumani walichora kwa mita na kupima dhahabu kwa gramu kwa tani. Waingereza walichora kwa futi na kupima kwa "pennyweight", kipimo chao cha uzito wa dhahabu, kwa tani. Anayechukua ramani ya zamani akaisoma kama ya jana anaweza kumpeleka mchimbaji mahali ambapo hakuna mwamba, kuna maji tu.

Tuanze na kina. Njia ya chini iliyoandikwa "300" kwenye ramani ya Kiingereza ni futi 300, yaani mita 91. Lakini si hilo tu. Kama shafti, yaani shimo kuu la kushukia, ilichimbwa kwa kulala kufuata mkanda wa dhahabu, namba hiyo mara nyingi hupimwa kwenye mlalo wa shafti, si wima. Kwa mlalo wa nyuzi 60, futi 300 za mlalo ni mita 79 tu za kwenda chini. Tofauti ya mita 12 inatosha kumfanya mtu aamini kwamba bado ana mwamba mnene chini yake, kumbe amebakiza hatua chache. Zaidi ya hapo, kina kilihesabiwa kutoka mdomo wa shafti. Mdomo huo ukiwa umebomoka au kifusi kimerundikwa juu yake, sifuri imehama, na namba zote zilizo chini yake zimehama pamoja nayo.

Halafu kuna kaskazini. Ramani nyingi za zamani zilifuata dira, na kaskazini ya dira huhama mwaka hadi mwaka. Kosa la nyuzi 3 tu kwenye njia yenye urefu wa mita 200 linausogeza mwisho wa njia hiyo kwa mita 10 na nusu. Ndiyo maana haifai kuweka ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti kwa kukadiria kwa macho. Lazima zipatikane angalau alama mbili, na tatu ni bora zaidi, ambazo zipo kwenye ramani na bado zipo ardhini: mdomo wa shafti, kona ya msingi wa zege wa kinu, mlango wa handaki. Alama mbili zinakupa mzunguko na kipimo. Ya tatu inakuambia kama umekosea.

Kosa tunaloliogopa kuliko yote ni la mfumo wa majira-nukta, yaani namba zinazotaja mahali kwenye ramani. Ramani za taifa za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Simu na vipokezi vya GPS vinatumia WGS84, visipobadilishwa. Kwa eneo letu tofauti ya mifumo hiyo miwili ni takribani mita 300, nyingi ikiwa ya kaskazini na kusini. Leseni ndogo ya uchimbaji wa dhahabu haizidi hekta 10, yaani mraba wenye upande wa mita 316 hivi. Mtu akisoma namba za mfumo mmoja akaziingiza kwenye mwingine, anaweza kujikuta karibu kabisa nje ya leseni yake, au akadhani kwamba shafti ya zamani iko kwa jirani ilhali iko chini ya kambi yake. Tunaomba kila ramani itakayotolewa iandikwe mfumo wake kwa herufi kubwa, pamoja na kanda ya ramani ya 36 Kusini, na wachimbaji waonyeshwe jinsi ya kubadilisha kwenye simu zao. Ni kazi ya asubuhi moja kwa kikundi kimoja.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Kwa sababu ya maji. Mgodi uliotelekezwa hujaa. Mikoa yetu ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na maji huingia kwenye njia za zamani na kukaa humo hata juu kukiwa kukavu kabisa. Maji yaliyosimama mita 30 juu ya mahali unapochimba yanasukuma kwa tani 30 kwa kila mita moja ya mraba. Ukuta wa mwamba wenye nyufa, uliobaki na unene wa mita moja au mbili, hauwezi kuyazuia baada ya kulipuliwa baruti mara kadhaa. Unapopasuka, maji huja pamoja na tope na matimba (magogo ya kushikilia paa) yaliyooza, na walio chini hawapati muda wa kupanda kamba.

Dalili zipo na wachimbaji wazoefu wanazijua: mwamba unaanza kutoa jasho, maji yanabadilika rangi kuwa ya kutu, panasikika harufu ya mayai viza, matone yanaongezeka bila mvua kunyesha. Dalili zikionekana, saa ya kusimama ni hiyo. Lakini zinakuja kwa kuchelewa. Njia ya uhakika ni kuanza na ramani, na pale ramani inapoonyesha uwazi ndani ya mita 30 hivi, kutoboa tundu la kutangulia la angalau mita 6 mbele ya uso wa kazi na kulirudia kila mnaposonga mita 3. Matundu yawe zaidi ya moja, mengine yaelekezwe ubavuni, juu na chini, kwa sababu njia ya zamani inaweza kuwa imepita kando. Ziandaliwe kabari za mti za kuzibia tundu kabla ya kuanza kutoboa. Kabari inayotafutwa baada ya maji kuanza kutoka haina msaada.

Hewa nayo inaua. Matimba yanayooza na mawe yenye kiberiti yanayoshika kutu hula oksijeni na kuacha hewa nzito inayokaa chini. Wengi bado wanategemea mshumaa. Mshumaa huzimika oksijeni ikishuka hadi asilimia 16 au 17, wakati kazi inapaswa kuwa imesimama tangu ilipokuwa 19.5. Na mshumaa hauonyeshi kabisa moshi wa sumu wa pampu ya petroli. Pampu ya petroli isiteremshwe shimoni kwa hali yoyote. Injini ibaki juu, upande ambao upepo haurudishi moshi mdomoni mwa shimo, au itumike pampu ya umeme. Kipimo kidogo cha hewa kinachosoma oksijeni na kaboni monoksidi kiwe sharti kwa kila kikundi kinachofanya kazi karibu na njia za zamani.

Kuna pia nguzo. Wachimbaji wa zamani waliacha mwamba wenye dhahabu ili ushikilie paa. Anayeingia leo anaona mkanda mzuri umeachwa, tena mahali pa rahisi kufikika, na anaufurahia. Nguzo hiyo haikusahauliwa. Ramani ya zamani huionyesha kama eneo lisilopakwa rangi katikati ya eneo lililochimbwa, na hiyo peke yake inatosha kumwambia meneja wa mgodi asiiguse.

Sasa marudio. Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu historia na afya vimechanganyika kwenye rundo lilelile la mchanga.

Vinu vya nyundo vya mwanzo wa karne iliyopita vilisaga mwamba kwa maji, na uji wake ukapitishwa juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki. Dhahabu ilinaswa, ikakwanguliwa, ikakamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Lakini zebaki nyingine ilipondeka kuwa chembe ndogo sana, ikaondoka na mchanga. Kwa hiyo popote palipotumika njia hiyo, marudio ya zamani yana vitu viwili: dhahabu iliyokosa kunaswa, na zebaki iliyopotea nayo. Wanunuzi wa marudio wanajua cha kwanza. Cha pili hakisemwi.

Marudio hayo yakiingizwa kwenye vati (tangi la kuchenjulia) na kumwagiwa sainaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, zebaki huyeyuka pamoja na dhahabu na kushikwa na kaboni, yaani mkaa wa kunasia dhahabu. Haiishi hapo. Kaboni ikipashwa moto, na dhahabu inapoyeyushwa, zebaki inatoka kama mvuke usioonekana, na fundi aliye kwenye jiko anaivuta akidhani kwamba yeye hakutumia zebaki kabisa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Mkakati wa kuwaachisha wachimbaji zebaki mpya hautakamilika kama zebaki ya zamani inafukuliwa bila kupimwa.

Kuna hatari nyingine ya hapohapo. Marudio ya zamani yaliyopigwa na hewa na mvua kwa miongo mingi huwa na asidi, kwa sababu kiberiti chake kimeshaoza. Sainaidi inahitaji maji yenye pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi ikizidi) ya 10 hadi 11. Ikishuka chini ya 9, sehemu kubwa yake inageuka kuwa gesi ya kuua. Mchenjuaji aliyezoea marudio mapya anaweka chokaa kwa kiasi alichozoea, anapima juu ya vati na kuona pH ni nzuri, anamwaga sainaidi. Lakini asidi iliyo katikati ya rundo inaendelea kula chokaa, na baada ya saa chache pH imeshuka. Dawa yake si ngumu. Chukua kilo moja ya marudio, changanya na maji, ongeza chokaa kidogo kidogo ukipima kwa saa 24 hadi pH isishuke tena, kisha zidisha kiasi hicho kwa tani za vati: kila gramu kwa kilo ni kilo moja kwa tani. Chokaa ichanganywe na marudio kabla ya kupakia vati, isinyunyizwe juu.

Tunaomba basi Tume ya Madini, kupitia Ofisi ya Afisa Madini Mkazi Singida, isitoe kibali cha kuchenjua marudio ya zamani kabla ya rundo kupimwa: matundu ya kekee ya mkono (chombo cha kutobolea udongo) kwa mtandao wa mita 25, sampuli kila mita moja hadi kufikia udongo wa asili, na kila sampuli ipimwe dhahabu, zebaki, aseniki na pH. Maabara ya GST ipo hapahapa Dodoma. Kila tundu liingie nusu mita kwenye udongo wa asili, ili ijulikane sumu imeshuka kiasi gani. Na kabla rundo halijahamishwa lipigwe picha, lipimwe ujazo wake na tabaka zake ziandikwe, kwa sababu tabaka hizo zinaonyesha jinsi kinu kilivyofanya kazi mwaka hadi mwaka. Likishapita kwenye vati, taarifa hiyo haipatikani tena.

Kwa upande wa nyaraka, tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Idara ya jiolojia imekuwa Dodoma tangu miaka ya 1920. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizo kwenye Nyaraka za Taifa ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Lakini ramani ya Kijerumani ikiwa Dar es Salaam, ripoti ya Kiingereza ikiwa Dodoma na mchimbaji akiwa Shelui, Iramba, hakuna anayeviweka vitatu hivi kwenye meza moja. Tunaomba orodha moja ya pamoja ya kila waraka unaohusu Sekenke na Kirondatal, ikionyesha mwaka, kipimo, lugha na mahali ulipo.

Kwenye kunakili, haraka itaharibu. Ramani za bluu hupauka zikikaa kwenye mwanga, na huharibika zikifungwa kwenye makaratasi yenye chokaa ambayo kwa nyaraka nyingine ndiyo yanayopendekezwa. Ziwekwe kwenye karatasi isiyo na asidi wala chokaa. Ramani za kitambaa zisipitishwe kwenye mashine ya kuvuta kwa roli, zitapasuka kwenye mikunjo. Zilazwe, zipigwe picha kutoka juu kwa ubora wa nukta 400 kwa inchi, na rula ya chuma iwekwe pande mbili za ramani ndani ya picha. Kitambaa husinyaa kwa urefu tofauti na upana, na bila rula hizo mpima hawezi kurekebisha. Viwango vya dhahabu navyo visibadilishwe kwa kukisia: "pennyweight" 10 kwa tani fupi ya ratili 2,000 ni gramu 17.1 kwa tani ya kwetu, ila kwa tani ndefu ya ratili 2,240 ni 15.3. Kichwa cha jedwali ndicho kinachosema ni tani ipi. Kinakiliwe nacho.

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Mgodi wa 1909 hauingii humo. Msingi wa kinu, shafti ya Wajerumani na makaburi ya wafanyakazi vinaweza kubomolewa bila sheria kuvunjwa, mpaka pale mtakapotangaza kwenye Gazeti la Serikali kwamba ni kumbukumbu inayolindwa. Hatuombi Sekenke ifungwe; watu wanaishi kwa kuchimba, na wana haki hiyo. Tunaomba vipande vidogo vyenye mipaka iliyopimwa: midomo ya shafti za zamani, misingi ya mitambo, makaburi. Tena mdomo wa shafti ukizungushiwa uzio kwa sababu ya historia, ng'ombe na watoto wanapona kwa uzio huohuo.

Kwa Halmashauri ya Iramba tuna ombi la haraka zaidi. Aliyekuwa kijana wa miaka 18 mgodini mwaka 1955 sasa anakaribia miaka 90. Wazee hao wahojiwe mwaka huu, kwa Kinyiramba au lugha yoyote wanayoizungumza kwa raha, si kwa Kiswahili cha ofisini. Waulizwe mambo ya kazi: shafti ipi iliitwaje, pampu ilikaa wapi, wapi palibomoka na nani alizikwa wapi, maji yaliingia upande gani mvua zilipozidi, mabibi na mabinti walifanya kazi gani kwenye kifusi. Inapowezekana waulizwe eneo la mgodi lenyewe, wakionyesha kwa mkono, na kila walipoonyesha pachukuliwe alama ya GPS. Sauti ihifadhiwe nakala mbili katika sehemu mbili tofauti, na familia ibaki na yake. Sheria ya Madini inamtaka mwenye haki ya madini awe na mpango wa kila mwaka wa kurudisha kwa jamii, unaokubaliwa na halmashauri. Kazi hii inafaa kuingizwa humo, pamoja na madawati na zahanati.

Mpangilio tunaoupendekeza unafuata mvua. Kati ya Mei na Julai nyaraka ziorodheshwe na kunakiliwa. Agosti na Septemba wapima waende Sekenke, nyasi zikiwa fupi na midomo ya mashimo ikionekana. Oktoba ramani ya kwanza itolewe, hata ikiwa na mapengo, mradi kila pengo liandikwe wazi kwamba ni pengo. Ibandikwe ofisi ya kijiji, ofisi ya kata ya Shelui na kwenye kila kituo cha kununulia dhahabu, kwa Kiswahili, vipimo vyote kwa mita, maeneo yenye maji yakipakwa rangi moja nzito. Mwenye leseni ambaye eneo lake linaguswa apelekewe nakala mkononi na atie saini kwamba ameipokea, kabla ya mvua za Novemba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapima migodi, wachenjuaji na watunza nyaraka
Dodoma na Singida